Sura ya Sita: Tallinn, Lala Mara Tatu

Mji Mkongwe wa Tallinn, makao makuu ya Estonia, ni mdogo kuliko sifa zake. Ukitoka mnara wa Pikk Hermann juu ya kilima cha Toompea ukashuka hadi Paks Margareeta, ule mnara mnene unaolinda lango la upande wa bahari, utakuwa umeuvuka mji wote wa kale kwa mwendo wa dakika ishirini hivi. Udogo huo ndio unaowaponza wageni. Wakitazama ramani wanaona kila kitu kimebanana, wanakata shauri kwamba saa sita zinatosha, wanashuka melini asubuhi, na jioni wanaondoka wakiwa wameona zaidi migongo ya wageni wenzao.

Ushauri wangu ni ulale mara tatu. Vivutio si vingi kiasi hicho, lakini Tallinn ni mji unaopangwa kwa saa kuliko kwa orodha. Uwanja wa Raekoja, mbele ya ukumbi wa kale wa baraza la mji, saa sita mchana haupitiki. Saa moja asubuhi utaukuta na mfagiaji mmoja na njiwa. Anayelala mjini hupata asubuhi na jioni. Anayepita tu hupata mchana, na kati ya Mei na Septemba mchana ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu meli kubwa za kitalii hutia nanga asubuhi, humwaga watu kwa maelfu, na kuwazoa tena alasiri. Ratiba ya meli hizo hutangazwa mapema. Itazame kabla ya kulipia hoteli, na siku yenye meli nyingi panga kuwa nje ya kuta mchana kutwa.

La pili la kuamua ni nuru. Tallinn iko kwenye latitudo ya 59 kaskazini, na sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, hatulipi jambo hili uzito mpaka litukute. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi alfajiri na kuzama karibu saa tano kasorobo usiku, na hata likishazama anga halifikii giza kamili. Mwishoni mwa Desemba huchomoza saa tatu na robo asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limekwisha kuzama. Safari ile ile ya siku tatu ina saa hamsini na tano za mwanga ukienda Juni, na zisizofika ishirini ukienda Desemba. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua utaona nini. Mwislamu anayekwenda Juni naye ajue kwamba magharibi na alfajiri zinakaribiana mno. Kuna kituo cha Kiislamu mjini, na ni bora kufuata ratiba yao kuliko kutegemea programu ya simu iliyozoea Mombasa.

Saa zenyewe, kwa bahati, hazimsumbui mtu wa kwetu. Tallinn iko karibu kabisa kaskazini mwa Kisangani: ukifuata mstari wa longitudo ya mji ule wa Kongo moja kwa moja juu, ukivuka Sahara na Mediterania, utapita si mbali sana na kuta zake. Wakati wa joto saa yake ni sawasawa na ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Wakati wa baridi ni sawa na ya Lubumbashi, Kigali na Bujumbura. Hakuna uchovu wa kubadilisha saa, na siku ya kwanza haipotei kitandani.

Mwezi gani basi? Mimi husema wiki ya mwisho ya Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba. Mwanga bado ni wa saa kumi na tatu hivi au zaidi, hoteli zimeanza kushusha bei, na koti jepesi linatosha. Julai ni nzuri lakini imejaa. Novemba ni giza na mvua ya baridi bila hata theluji ya kufidia. Desemba ina soko la Krismasi katika uwanja wa Raekoja, na wanaolipenda hulipenda kwa dhati, ila theluji haina ahadi. Ukienda wakati wa giza nunua helkur, kile kibao kidogo cha kuakisi taa za magari kinachoning'inizwa kwenye koti. Sheria ya Estonia inamtaka kila mwenda kwa miguu akivae gizani, na utawaona wazee na watoto wanavyo. Tena usitembee ukigusana na kuta za majumba barafu inapoyeyuka. Vipande huanguka kutoka kwenye mapaa, na si vidogo.

Tarehe moja ya kukwepa: Juni 23 na 24. Hizo ni sikukuu ya Ushindi na ya Mtakatifu Yohana, na Waestonia humiminika mashambani kuwasha mioto mikubwa usiku. Mgeni asiyejua hujikuta katika mji mzuri uliofungwa, maduka na makumbusho pamoja.

Ukishafika, uanzie wapi? Anza mji wa chini, usipande kilimani kwanza. Wengi hupanda kwa sababu mandhari iko juu, kisha wanashuka chini wakiwa wamechoka na kupita mbele ya vitu vyenye maana bila kuvitazama. Maana ya Tallinn iko chini, kwa wafanyabiashara.

Mji huu ulitekwa na Mfalme Valdemar II wa Denmark mwaka 1219. Wadenmark wana hadithi kwamba bendera yao, nyekundu yenye msalaba mweupe, iliwashukia kutoka mbinguni hapa hapa katikati ya vita. Mwaka 1248 mji ukapewa sheria za Lübeck, na kabla ya karne ile kwisha ukawa ndani ya Hansa, umoja wa miji ya biashara uliotawala Bahari ya Baltiki. Mwaka 1346 Denmark iliiuza Estonia ya kaskazini, mji ukiwemo, kwa mashujaa wa Kijerumani wa msalaba kwa marki 19,000 za fedha. Baadaye wakaja Waswidi mwaka 1561, kisha Warusi mwaka 1710. Lakini bendera zikibadilika juu ya kilima, huku chini wenye mji walibaki wale wale: wafanyabiashara wanaosema Kijerumani, wakiuita mji wao Reval, wakiingiza chumvi kutoka magharibi na kutoa ngano nyeusi, nta, kitani, na manyoya ya wanyama yaliyotoka Novgorod.

Chumvi ndiyo iliyojenga majumba haya. Tembea barabara ya Pikk polepole ukiangalia juu. Chini kuna mlango mpana. Hapo ndipo mwenye nyumba alipopokea wateja na kuandika hesabu. Juu, chini ya paa lenye ncha, kuna milango midogo iliyopangana ghorofa kwa ghorofa, na juu yake boriti iliyochomoza nje. Boriti hizo zilikuwa za kuvutia magunia kwa kamba hadi ghalani. Familia iliishi humo humo pamoja na duka na ghala, kama walivyoishi matajiri wengi wa Mji Mkongwe wa Unguja. Majumba matatu yaliyoshikana yaitwayo Kolm Õde, mwishoni mwa barabara, ndiyo yanayoonyesha jambo hili wazi kuliko mengine.

Halafu simama mbele ya nyumba namba 26. Mlango wake umechongwa na kupakwa rangi ya kijani, nyekundu na dhahabu, na juu yake kinakutazama kichwa cha mtu mweusi. Mwafrika yeyote anayepita pale husimama, na ni haki yake kujua anachokitazama.

Hii ilikuwa nyumba ya Udugu wa Vichwa Vyeusi, chama cha wafanyabiashara vijana wasiooa pamoja na wageni waliofanya biashara mjini. Akioa, kijana aliondoka na kuingia chama cha wakubwa, ambacho ukumbi wake wa mwaka 1410 uko hatua chache kutoka hapo na leo ni makumbusho ya historia. Vijana hao walikuwa na wajibu wa kuulinda mji wakati wa vita, na msimamizi wao mbinguni alikuwa Mtakatifu Maurice. Mapokeo ya Kanisa yanasema Maurice alikuwa kamanda wa kikosi cha jeshi la Kirumi kilichotoka Thebes, Misri, akauawa pamoja na askari wake katika karne ya 3 kwa kukataa amri ya Kaizari. Tangu karne ya 13 wachongaji wa Ujerumani walimfanya mtu mweusi kabisa. Sanamu yake iliyoko kanisa kuu la Magdeburg haina utata wowote. Vijana wa Reval wakachukua kichwa chake kuwa alama yao. Wakakichonga milangoni na kukiweka kwenye ngao, karne baada ya karne, mpaka utawala wa Kisovieti ulipoufuta udugu huo mwaka 1940. Riga nako walikuwa na nyumba yao. Iliharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kujengwa upya mwaka 1999.

Sioni sababu ya kujivuna pale mlangoni, wala ya kukasirika. Vijana wale hawakuijua Afrika. Walichokitaka ni mtakatifu shujaa, na aliyewafaa alikuwa na uso kama wetu. Lakini kuna Mwafrika mwingine katika historia ya mji huu ambaye hakuwa wa kuchongwa. Abram Petrovich Gannibal alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akafikishwa Constantinople, na kutoka huko akapelekwa Urusi kwa Mfalme Peter I, aliyemlea na kumsomesha uhandisi wa kijeshi Ufaransa. Wanahistoria bado wanabishana kama alitoka pembe ya Ethiopia na Eritrea au Logone, karibu na Ziwa Chad. Mwaka 1742 Malkia Elizabeth wa Urusi alimteua kuwa kamanda wa Reval, na kwa miaka 10 ngome hii yote, minara, mizinga na askari wake, ilikuwa chini ya amri ya Mwafrika. Mjukuu wa mwanawe alikuwa Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi humweka juu ya wengine wote. Waongozaji wa watalii hawamtaji sana. Wewe mwulize mwongozaji wako, uone.

Uwanja wa Raekoja wenyewe uuone asubuhi, kabla ya kifungua kinywa. Jengo la baraza lilipata umbo lake la sasa mwaka 1404, na juu ya mnara wake anasimama Vana Toomas, askari wa shaba anayezunguka na upepo; wa kwanza aliwekwa mwaka 1530. Pembeni mwa uwanja kuna duka la dawa ambalo lilikwisha kuandikwa kwenye vitabu vya mji mwaka 1422, na bado linauza dawa. Ingia, chumba cha pembeni kina maonyesho ya tiba za zamani, na hakuna kiingilio.

Kanisa la Niguliste limekuwa makumbusho, na kama utalipia kiingilio kimoja tu ndani ya kuta, lipia hiki. Ndani kuna kipande cha mchoro wa Bernt Notke wa mwishoni mwa karne ya 15, urefu wa mita saba na nusu, unaoonyesha Mauti akicheza ngoma na wakubwa wa dunia: Papa, Kaizari na mkewe, Kadinali, Mfalme. Kila mmoja ameshikwa mkono na kiunzi cha mifupa, na hakuna anayetaka kucheza. Kanisa lenyewe liliteketea usiku wa Machi 9, 1944 ndege za Kisovieti zilipoupiga mji. Mchoro ulisalimika kwa sababu ulikwisha kuhamishwa. Toka nje utazame barabara ya Harju. Upande mmoja una majumba na mwingine una bustani, na bustani hiyo ndipo yalipokuwa majumba mengine.

Kupanda Oleviste ni kwa wenye magoti mazuri. Mnara wake una mita 124, umepigwa na radi mara nyingi, na moto wa 1625 na wa 1820 uliuteketeza. Ngazi ni nyembamba na zinazidi 200, wapandao na washukao wanapishana kwa kubanana, na wakati wa baridi hufungwa. Wakati wa Usovieti idara ya usalama, KGB, iliutumia mnara huo wa kanisa kwa mitambo yake ya redio.

Toompea panda asubuhi ya siku ya pili, mapema. Kwa karne nyingi kilima hiki kilikuwa mji mwingine kabisa, wa makabaila na maaskofu, wenye sheria zake, na lango la kati lilifungwa usiku. Chuki kati ya juu na chini haikuwa ya maneno tu. Mwaka 1535 kabaila mmoja, Johann von Uexküll, alimwua mtumwa wake wa shambani aliyekuwa amekimbilia mjini. Watu wa chini, ambao sheria yao ilimhesabu mkimbizi kuwa huru akikaa mjini mwaka mmoja na siku moja, walimkamata kabaila alipothubutu kushuka, wakamhukumu na kumkata kichwa. Ukiijua habari hiyo, lango dogo la Pikk jalg halipitiki tena kama lango la kupigia picha.

Juu kuna Bunge katika ngome ya zamani, na mnara wa Pikk Hermann ambako bendera ya buluu, nyeusi na nyeupe hupandishwa kila asubuhi. Kuna Kanisa Kuu la Alexander Nevsky, lenye kuba tano nyeusi, lililokamilishwa mwaka 1900 na watawala wa Urusi mbele kabisa ya ngome ili kila mtu ajue nani mwenye nchi. Baada ya Estonia kujitangazia uhuru mwaka 1918 wapo waliotaka livunjwe. Limebaki, na huwezi kulikwepa katika picha. Viwanja vikuu vya kutazamia mji ni viwili, Kohtuotsa na Patkuli. Kohtuotsa ndicho maarufu. Patkuli ndicho bora, kwa kuwa minara na ukuta unaiona kwa ubavu, bahari ikiwa nyuma. Ukuta huo ulikuwa na minara 46 enzi za nguvu zake. Kilichobaki ni kilomita karibu mbili, na ni sehemu ya mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Baada ya hapo, ondoka. Mchana wa siku ya pili na siku yote ya tatu ziwe za nje ya kuta, maana Tallinn ya watu wanaoishi iko huko.

Kadriorg utafika kwa tramu. Peter I alianza kuijenga kasri hii mwaka 1718 kwa ajili ya mkewe Catherine, na bustani yake ni ya bure. Ndani ya bustani hiyo hiyo, iliyochimbwa kwenye ubavu wa mwamba wa chokaa, ni Kumu, makumbusho ya sanaa yaliyofunguliwa mwaka 2006. Tazama ghorofa ya sanaa ya enzi ya Usovieti. Utaona jinsi mchoraji anavyoweza kutii na kukaidi katika picha moja. Angalia tu siku: Jumatatu ni ya kupumzika kwa makumbusho mengi, na nje ya msimu wa joto yapo yanayofungwa hata Jumanne. Anayefika Jumapili usiku na kuondoka Jumatano alfajiri amechagua siku mbaya kuliko zote.

Kutoka Kumu, mwendo mfupi kuelekea baharini unakufikisha Lauluväljak, uwanja wa nyimbo wenye tao kubwa la mwaka 1960. Usipoelezwa utauona kama jukwaa tupu kwenye mteremko wa nyasi. Waestonia walianza tamasha lao la kwaya mwaka 1869, na katika tawala zote zilizofuata waliendelea kukusanyika kuimba. Septemba 1988 watu wanaokadiriwa kufika 300,000 walijaa hapa kuimba na kudai uhuru, katika nchi isiyofikisha watu milioni mbili. Mwaka uliofuata, Agosti 23, 1989, watu wapatao milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono kutoka chini ya Toompea, kupitia Riga, hadi Vilnius. Agosti 20, 1991 uhuru ukarudi. Keti kwenye nyasi za juu, uangalie tao kwa chini. Hakuna tiketi, na mara nyingi hakuna mtu.

Upande wa pili wa mji ni Kalamaja, mtaa wa zamani wa wavuvi wenye nyumba za mbao za rangi, na mwisho wake ni Lennusadam, bandari ya ndege za majini. Hapa nasema bila kusita: ndiyo makumbusho bora ya jiji, hata kwa mtu asiyejali meli. Mabanda yake yalijengwa mwaka 1916 na 1917 kwa kuba za saruji nyembamba zisizo na nguzo hata moja katikati. Ndani yake imetulia nyambizi Lembit, iliyoundwa Uingereza miaka ya 1930, na unaruhusiwa kuingia tumboni mwake. Mtu mnene atapata tabu kidogo. Nje kuna meli ya kuvunja barafu, Suur Tõll, ya mwaka 1914. Wenye watoto watenge nusu siku.

Hoteli ya Viru, jengo refu la mwaka 1972 pembeni mwa Mji Mkongwe, ina ghorofa ambayo lifti haikuwa ikionyesha. Huko juu KGB ilikuwa na chumba cha kuwasikiliza wageni, na sasa ni makumbusho madogo. Huingii bila mwongozaji, na nafasi hujaa. Iweke kabla ya kutoka nyumbani.

Kuhusu chakula sina mengi. Mikahawa ya uwanja wa Raekoja yenye wahudumu waliovaa mavazi ya kale inauza zaidi tamthilia. Kaa hapo mara moja kwa ajili ya kicheko. Kula Balti jaam, soko la karibu na stesheni ya reli: samaki wa kukaushwa kwa moshi, mkate mweusi mzito wenye uchachu, supu, na hata wauzaji wa vyakula vya Asia. Samaki wadogo wa chumvi juu ya mkate huo, na yai, ndicho chakula cha nchi. Nguruwe yuko kila mahali, mpaka ndani ya supu za maharage. Neno la kutafuta kwenye menyu ni sealiha. Maji ya bomba yanakunywika. Kahawa na keki, nenda Maiasmokk barabara ya Pikk, mkahawa wa tangu mwaka 1864.

Watu wa huku si wa maneno mengi. Utasema "tere" ukiingia dukani, utajibiwa "tere", na yamekwisha. Weusi ni wachache na utatazamwa, hasa nje ya Mji Mkongwe, lakini kutazamwa na kusumbuliwa ni vitu viwili; kimya chao wao kwa wao ni kile kile wanachokupa wewe. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi husema Kirusi nyumbani, na vijana wa pande zote wanajua Kiingereza vizuri.

Malazi, tafuta eneo la Rotermann au karibu na uwanja wa Viru, dakika tano kutoka langoni, badala ya ndani ya kuta. Ndani kuna kelele za baa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na barabara za mawe zitakata magurudumu ya begi lako. Uwanja wa ndege uko kilomita nne tu kutoka katikati na tramu inafika. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia nyepesi ni kupitia Istanbul. Walioko Helsinki wana raha zaidi, kwani meli huvuka Ghuba ya Finland kwa saa mbili hivi mara nyingi kwa siku. Mabasi na tramu ni bure kwa wakazi walioandikishwa, si kwa mgeni. Gusa kadi ya benki kwenye mashine ya mlango wa mbele. Ikiwa utaingia makumbusho matatu au zaidi, kadi ya watalii ya mji, ya saa 24, 48 au 72, italipa gharama yake. Na achana na mpango wa miji mikuu mitatu kwa siku tatu. Tallinn hadi Riga ni kilomita 310, na Riga hadi Vilnius karibu 300 zaidi. Ni likizo ya kukaa ndani ya basi. Vilnius ipe safari yake, na ukienda ulizia kanisa la Mtakatifu Paraskeva, alikobatizwa Gannibal mwaka 1705.

Viza nimeiacha mwisho kwa sababu fomu inauliza tarehe, na tarehe huzijui mpaka umeamua mwezi, nuru na siku za wiki. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, isipokuwa wanaoishi kwa kibali katika nchi ya Schengen. Kibali cha Uingereza hakisaidii. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na pasipoti iwe hai miezi mitatu zaidi baada ya kutoka. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15. Jibu la kawaida huchukua siku 15 lakini linaweza kufika 45, kwa hiyo wahi. Estonia haina ubalozi katika kila mji wetu mkuu, na nchi za Schengen hupokeana maombi. Uliza ni ubalozi upi unaoiwakilisha kwako. Ukiunganisha na Helsinki, ombi huenda kwa nchi utakayolala zaidi, na zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Weka nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa, na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha mpaka pasipoti irudi mkononi mwako ikiwa na viza ndani.